Kuishi ndani ya gari kutoka Dar es Salaam hadi Kalahari: tujadili maji, uzito na umeme

Mwanzisha uzi

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa.

Mada ya kuishi ndani ya gari ikianzishwa hapa, swali la kwanza huwa la sola: paneli ngapi, betri ya aina gani, inveta ya wati ngapi. Ninaelewa sababu yake, kwa kuwa umeme unahesabika na vifaa vyake vinapendeza machoni. Hata hivyo, kwa mtu anayetoka Afrika Mashariki kuelekea kusini, naye anataka kukaa siku kadhaa mahali pasipo na bomba wala umeme wa gridi, umeme ndio jambo rahisi kuliko yote. Kinachomtoa mtu porini kabla ya siku zake ni maji, na kiasi cha maji anachoweza kubeba kinaamuliwa na uzito ambao gari lake linastahimili. Hiyo ndiyo hoja ninayotaka tuijadili.

Njia ninayoizungumzia inaanzia Dar es Salaam, inapita Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, kisha inaingia Zambia kwa Nakonde, Mpika, Kapiri Mposhi, Lusaka na Livingstone, halafu inavuka Zambezi kwa daraja la Kazungula na kushuka hadi Nata na Maun nchini Botswana. Mpaka Livingstone msafiri hawezi kusema kwamba ameishi porini, kwa sababu kila baada ya saa chache anakuta mji, misheni au shamba linalopokea wageni wenye magari. Kisolanza, kusini mwa Iringa, imekuwa ikiwapokea kwa miaka mingi, na upande wa Zambia kuna chemchemi za maji moto za Kapishya karibu na Shiwa Ng'andu, kaskazini mwa Mpika, ambako mtu anaweza kuoga hadi uchovu wa mashimo ya barabara umtoke.

Mtihani wenyewe uko Botswana. Hifadhi ya Kalahari ya Kati, iliyotangazwa mwaka 1961, ina takriban kilomita za mraba 52,800, yaani zaidi ya mara tatu ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kambi zake nyingi zina choo cha shimo na kibanda cha kuogea chenye ndoo ya kuning'iniza, lakini maji ya kutia ndani ya ndoo hiyo huja na mgeni mwenyewe. Vivyo hivyo Kubu, ile miamba yenye mibuyu iliyozungukwa na tambarare za chumvi za Makgadikgadi: hakuna bomba, hakuna kisima, hakuna duka.

Sasa tupige hesabu. Mtu mzima kwenye joto la Kalahari anahitaji lita nne za kunywa kwa siku, na asizipunguze. Mapishi na chai vinachukua lita mbili, vyombo lita mbili, na kuoga kwa kopo lita nne hadi tano. Hizo ni lita 12 au 13 kwa kila mtu, hivyo watu wawili wanatumia karibu lita 25 kwa siku, nao wala hawajafua. Wakikaa siku saba wanahitaji lita 175, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Gari linalobeba tangi la lita 110 na madumu mawili ya lita 20 linawatosha siku sita, ilhali siku ya sita ni ya kutafuta njia ya kutoka, si ya kustarehe.

Uzito huo haukai peke yake. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye bodi ndefu na injini ya 1HZ ina matangi mawili ya mafuta ya lita 90 kila moja, na dizeli ya kuyajaza inakaribia kilo 150. Ongeza watu wawili, kitanda, makabati, friji, betri, mtungi wa gesi, chakula, tairi mbili za akiba na vipuri. Uwezo wa gari hilo kubeba mzigo ni karibu tani moja, na mafundi wengi wa makabati huimaliza nusu yake kwa mbao nzito kabla mwenye gari hajapakia hata sufuria. Kwa maoni yangu, mtu anayetaka kutengeneza gari la kuishi apeleke gari lake kwenye mizani mara mbili: likiwa tupu, kisha likiwa na matangi yaliyojaa na watu ndani. Gari lililozidi uzito halianguki siku hiyo hiyo. Linamaliza shokomzoba, linapasua tairi kwenye joto, na linazama mchangani mahali ambapo gari jepesi linapita bila hata kupunguziwa upepo.

Tangi liwekwe chini na katikati ya ekseli mbili, tena liwe na kuta za ndani za kuzuia maji yasiyumbe. Wanaoweka matangi juu ya keria kwa ajili ya kuoga kwa maji yaliyopashwa na jua wanapata maji ya moto, ni kweli, lakini wanaliinua pia kitovu cha uzito cha gari ambalo tayari ni refu kwenda juu, na mteremko wa Kitonga hauna msamaha kwa gari linaloyumba.

Umeme nitaueleza kwa kifupi. Friji ya kompresa ya lita 45 inatumia wati-saa 400 hadi 500 kwa siku ya joto, na taa, simu, feni na pampu ya maji ni kama 150 nyingine. Paneli ya wati 200 ikipata saa tano za jua kamili ingetoa wati-saa 1,000, na baada ya upotevu wa joto, vumbi na nyaya unabaki na karibu 700. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 yenye saa-ampea 100 inahifadhi wati-saa 1,280. Mfumo huo mdogo unatosha watu wawili, na ukifunga chaja ya ampea 30 inayochukua umeme kutoka altaneta, saa tatu za kuendesha zinakurudishia zaidi ya siku nzima na nusu ya matumizi. Kinachovuruga hesabu hii ni birika la umeme na jiko la umeme. Birika la wati 1,500 kwenye mfumo wa volti 12 linavuta zaidi ya ampea 125. Pika kwa gesi, na tatizo litakuwa limekwisha.

Fundi Sola, Arusha

Mkuu, nakubaliana nawe kuhusu maji, lakini naona umeupitia umeme kwa haraka mno, na mimi ndiye ninayeletewa mifumo iliyoungua.

Kwanza, betri ya LiFePO4 haipaswi kuchajiwa ikiwa seli zake ziko chini ya nyuzijoto sifuri, kwa sababu madini ya lithiamu hujikusanya juu ya ncha hasi ya seli badala ya kuingia ndani, na uharibifu huo haurekebishiki. Watu wa huku hudhani kwamba hilo ni tatizo la Wazungu, wakasahau kwamba usiku wa Juni na Julai katika Kalahari huweza kushuka chini ya sifuri, na hata Kitulo hapa kwetu hupata jalidi. Betri iliyofungwa nje ya gari huamka asubuhi ikiwa baridi huku jua likiwa tayari limeshawaka juu ya paneli. Nunua yenye mfumo wa ndani unaokata chaji kwa baridi, au iweke ndani mnamolala.

Pili, anayetumia betri ya kawaida ya asidi asijidanganye na namba iliyoandikwa ubavuni. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, hivyo saa-ampea 100 kwake ni 50, nayo ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya ile ya lithiamu. Kwa kuwa mada yako ni uzito, hoja hii ilipaswa kuwa kwenye bandiko lako.

Tatu, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, si karibu na friji. Kazi yake ni kuulinda waya, na waya usiolindwa unaoanzia kwenye betri ukisuguliwa na bati hadi ukachunika, gari litawaka mkiwa mmelala.

Kuna jambo moja ambalo sisi tumependelewa. Paneli iliyolazwa juu ya paa karibu na ikweta inapata jua karibu sawa na iliyoinamishwa, kwa hiyo hakuna haja ya yale mabano ya kuinua paneli yanayouzwa kwa watu wa Ulaya. Mkifika Botswana mwezi wa Juni, ambako jua la mchana liko chini upande wa kaskazini, mtaona tofauti.

Mwanzisha uzi

Fundi, ahsante, hoja ya baridi ni ya msingi. Niongeze hapo kwamba paneli ya paani inamlazimisha mwenye gari achague kati ya kulala kwenye tanuri na kuikosesha paneli jua. Paneli ya pili inayokunjwa, yenye waya wa mita kumi, inaondoa ugomvi huo: gari linakaa kivulini na paneli inakaa juani. Tena iwe ni ya kuanikwa mkiwa mpo tu, kwa kuwa nyani hawana adabu.

Dereva wa Makambako

Wakuu, nimesoma kwa makini. Nimeendesha malori njia ya Tunduma kwa miaka mingi, na naomba niseme kwamba haya mnayoyaita maisha ya ndani ya gari ni maisha ya dereva na utingo wake tangu barabara ile ijengwe. Tunalala kwenye kebini, tunabeba dumu la maji chini ya bodi, tunapika ugali kando ya tairi, na foleni ya Nakonde imetuweka mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko mtalii yeyote atakavyokaa Kalahari. Tofauti ni kwamba hatupigi picha.

Kwa hiyo nitoe ya barabarani. Msilale pembezoni mwa lami peke yenu. Laleni kwenye maegesho ya malori yenye walinzi, au kwenye kituo cha mafuta ambacho meneja wake amekubali, au ingieni kijijini na muende moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji kabla giza halijaingia. Mgeni aliyepiga hodi analindwa na kijiji kizima, lakini gari lililokutwa kichakani usiku linaulizwa maswali, na wanaouliza huwa wamekuja na mapanga.

Barabara ya Mikumi inapita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50. Pitieni mchana na mwendo uliowekwa, kwa sababu ukigonga mnyama faini yake ni kubwa. Botswana nayo, kati ya Kazungula na Nata, tembo huvuka lami kana kwamba ni yao, na ng'ombe na punda hulala juu yake usiku kwa ajili ya joto. Kule giza likiingia, mtu asimamishe gari.

La mwisho ni kubwa kuliko yote. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata kama mvua inanyesha na hata kama mkaa umebaki majivu mekundu. Hewa yake haina harufu, na watu hawaamki. Mtungi wa gesi nao ukae kwenye kabati lake lenye tundu la kutokea chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutulia sakafuni ikisubiri kiberiti.

Kijana wa Kongowea

Shukrani kwenu nyote. Mimi niko Mombasa na bajeti yangu haifiki Land Cruiser. Nina nafasi ya kupata Coaster ya zamani kwa bei nzuri. Je, itafaa kwa njia hii? Na karatasi za mpakani zikoje kwa gari lenye namba za Kenya?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Kongowea, Coaster ni nyumba nzuri kuliko Land Cruiser kwa kila kipimo isipokuwa kimoja. Unasimama wima ndani, inabeba mzigo zaidi, tangi la lita 200 si jambo la kuogopa, na zile zenye injini ya 1HZ zinahudumiwa na fundi wa mji wowote kuanzia Mombasa hadi Lusaka, kwa kuwa injini hiyo haina mfumo wa kielektroniki wa kuingiza mafuta na haiugui haraka kwa dizeli chafu. Kipimo inachoshindwa ni mchanga. Mwendo wa tairi za nyuma pekee hautakuingiza Kalahari ya Kati wala hautakufikisha Kubu, na hata magari yanayosukumwa na tairi zote nne huzama kwenye tambarare za chumvi ikiwa ukoko wa juu umekauka huku tope la chini bado ni bichi. Kwa hiyo ichukue Coaster, uishi nayo kwenye lami na changarawe, kisha ukifika Maun uamue kama utaliacha gari kambini na kuingia porini kwa gari la kukodi.

Angalia pia umeme wake. Coaster nyingi zilizotoka Japani zina mfumo wa volti 24, na mtu akifunga humo friji au chaja ya volti 12 bila kusoma, atakuwa anamletea Fundi wa Arusha kazi. Na kama lilikuwa gari la abiria, hakikisha kadi inaonyesha matumizi na muundo wake wa sasa kabla hujatoka, kwa sababu afisa wa forodha anasoma kadi, hasomi makabati yako.

Kuhusu bima, kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) inanunuliwa kwa bima yako ya nyumbani, nayo inatambuliwa Kenya, Tanzania na Zambia. Tanzania si mwanachama wa COMESA, ilijitoa mwaka 2000, lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima. Botswana haimo, kwa hiyo pale Kazungula utalipia bima yao pamoja na ada za barabara. Kila mpaka utapewa kibali cha muda cha kuingiza gari, na kibali hicho lazima kifungwe unapotoka. Kama jina lililo kwenye kadi ya gari si lako, beba barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili. Tunduma na Nakonde zinahudumiwa kama kituo kimoja cha pamoja tangu 2019, ingawa Dereva wa Makambako atakwambia kwamba foleni ya malori haijasoma tangazo hilo. Msafiri wa gari dogo haipangi foleni hiyo. Anaipita pembeni na kwenda mbele.

Mama wa Moshi

Nawasalimu. Wanaume mmejadili betri, kadi na mizani, na hakuna aliyetaja choo. Mimi na mume wangu tunapanga safari hii tukiwa tumestaafu, na kwa umri wetu choo si jambo la kuachiwa kichaka. Pia naomba kujua maji ya kuchota njiani yanafaa kwa nini.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Umetukamata, na swali lako ndilo linaloamua kama safari itarudiwa.

Kuna njia mbili zinazofaa. Ya kwanza ni choo cha kubebeka chenye sanduku la chini la lita 20 hivi, ambacho watu wawili hulijaza kwa siku tatu au nne, na ambacho lazima kimwagwe kwenye choo halisi. Kinatumia maji na dawa, kwa hiyo kinaila ile hesabu yetu ya lita 25. Ya pili ni choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi, ambapo kinyesi hufunikwa kwa maranda ya mbao. Hakitumii tone la maji, na harufu yake, tofauti na watu wanavyodhani, ni ndogo kwa sababu kinachonuka zaidi ni mchanganyiko wa viwili hivyo. Kwa safari ya Kalahari ningependekeza hicho. Anayelazimika kwenda porini achimbe shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, na karatasi arudi nayo kwenye mfuko. Usiku katika hifadhi asitoke kabisa, ndoo yenye kifuniko iwe ndani.

Maji ya kuchota yagawanywe mara mbili. Ya bomba la mji au kisima cha misheni yaingie kwenye tangi na kutiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ya mto au ziwa yasiingie kwenye tangi hata mara moja, kwa kuwa ukishalichafua tangi, utalisafisha safari nzima. Hayo yakae kwenye dumu lake lenye rangi tofauti, kwa ajili ya vyombo na kufua, na yakilazimika kunywewa yachujwe kwanza kisha yachemshwe. Maji yaliyotulia yenye matete yana hatari ya kichocho hata kwa kuogea. Yakiachwa kwenye dumu lililofungwa kwa siku mbili, vijidudu vya kichocho vinakuwa vimekufa, lakini vya kuhara havijafa.

Dereva wa Makambako

Mama, nyongeza moja ya jikoni. Msinunue nyama nyingi mbichi Kasane wala Maun. Botswana ina uzio wa mifugo unaokata nchi kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo, na kwenye mageti yake askari hufungua friji. Nyama mbichi ya ng'ombe au mbuzi inayotoka upande wa kaskazini hutaifishwa, na viatu vyenu mtavikanyagisha kwenye dawa. Ipikeni kabla ya geti, au nunueni baada yake.

Mama wa Moshi

Ahsanteni sana. Basi tutapika kabla ya geti. Swali la mwisho: tuondoke mwezi gani?

Mwanzisha uzi

Ondokeni mwezi wa Mei mwishoni, mama. Masika ya Pwani yanakuwa yanaisha, mvua za Zambia na Botswana zimekwisha tangu Aprili, na Makgadikgadi inaendelea kukauka, ingawa Kubu iwe ya mwisho kwenye orodha yenu ili chumvi ipate muda wa kukaza. Mtapata baridi kali usiku, kwa hiyo blanketi nzito ziingie kwenye hesabu ya uzito. Mkichelewa hadi Oktoba mtakuta joto la kuwafanya mnywe lita sita badala ya nne, na hesabu yote ya tangi itabidi ifanywe upya. Nafasi za kambi za Kalahari ya Kati ziombwe mapema kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu anayefika getini bila nafasi ya kulala haruhusiwi kulala hifadhini, hata kama ana lita 200 za maji.